Kiputo Ndani ya Lenzi

Mtaani walimwita Kufuli, na wala jina hilo hakupewa na maadui. Alipewa na mama yake mzazi, enzi za ujana, siku alipomkuta amelifunga sanduku lake la nguo kwa kufuli mbili: moja ya kulinda nguo, ya pili ya kulinda ile ya kwanza. Akakua nalo, akaoa nalo, na sasa mvi zilikuwa zimeanza kumtokeza kwenye masharubu na bado alikuwa akilistahili. Ukimwuliza mwenyewe angekwambia hamshuku mtu, ila ni mwangalifu tu. Uangalifu wenyewe ulikuwa wa kutia alama kwenye kipande cha sabuni cha bafuni ili ajue kama kuna aliyeoga mara mbili.

Asubuhi hiyo alipiga magoti kando ya kitanda, akauvuta mkebe wa bati kutoka mvunguni, akavua ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa uzi. Ndani ya mkebe mlikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko, kitambaa cha sufu. Ndani ya kitambaa, kibweta cha ngozi. Na ndani ya kibweta, baada ya safari yote hiyo, lenzi.

Ilikuwa lenzi ya zamani, ya chuma na kioo kitupu, imemzidi yeye umri. Haikuwa na betri wala mota. Ukitaka picha isiwe na ukungu unaizungusha pete yake kwa mkono, taratibu, hadi namba ya umbali ikae mahali pake. Marehemu baba yao, yeye na mdogo wake, aliinunua pamoja na pacha wake, zimetoka kiwanda kimoja, namba zake zimefuatana, na kwa lenzi hizo mbili akaifanya kazi ambayo mjini hakuna mwingine aliyeijua: picha pacha. Kamera mbili zinafungwa ubavu kwa ubavu juu ya ubao mmoja, kama macho mawili usoni, zinafyatuliwa kwa pamoja, halafu picha mbili zinazopatikana zinawekwa ndani ya kisanduku chenye matundu mawili. Ukichungulia, jicho la kushoto linaona picha ya kushoto, la kulia linaona ya kulia, na mara hiyo ukuta unarudi nyuma, kiti kinasogea mbele, na mtu anasimama katikati yake kama unaweza kumshika bega. Lakini ni lazima lenzi ziwe pacha kweli. Zikitofautiana kidogo tu, mteja atatoka hapo anaumwa kichwa na hatarudi tena.

Mzee alipokaribia kufariki aliwaita wanawe wawili akampa kila mmoja lenzi moja. "Kila mtu na lenzi yake," akasema, "lakini picha ni yenu wote." Alijua alichofanya. Mmoja akiondoka na yake, mwingine atabaki na jicho moja, na chumba cha picha kitakufa siku hiyohiyo.

Basi Kufuli aliikagua yake kama kawaida. Akaisoma namba iliyochongwa mbele, ikawa ndiyo. Akautazama mkwaruzo mdogo alioutia mwenyewe ubavuni kwa ncha ya sindano, ukawepo. Hapo huwa anaridhika na kuanza kuifunga upya. Ila siku hiyo mkewe alikuwa amelisukuma dirisha wazi, mwanga ukaja ukaipenya lenzi moja kwa moja, na Kufuli, bila kukusudia, akachungulia ndani.

Kiputo hakikuwepo.

Tangu utoto alikijua kile kiputo. Ni tone la hewa lililonaswa ndani ya kioo cha mbele, karibu na ukingo, dogo kuliko mbegu ya mchicha. Vioo vya zamani vilikuwa hivyo, baba yao aliwaeleza, wala haviharibu picha. Lenzi ya Kufuli ilikuwa nacho, ya mdogo wake haikuwa nacho, na hiyo ilikuwa tofauti pekee kati ya lenzi hizo. Akaizungusha huku, akaizungusha kule, akaifuta kwa pindo la shati. Kioo kilikuwa safi, kinang'aa, hakina kitu. Chuma kilikuwa chake. Kioo hakikuwa chake.

Mtu alikuwa amefungua mkebe, amefungua lenzi, amechukua kioo chake na kumwachia kingine. Na chuma akamrudishia ili asijue. Kufuli alikaa sakafuni, na ingawa alikuwa na hofu, ndani kabisa alihisi kama furaha kidogo, ile ya mtu aliyesema maisha yake yote kwamba watu si wema na leo amepata ushahidi.

Mkewe alikuwa chumba cha mbele anapiga pasi. Kufuli akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mke wangu, ile wiki niliyolazwa nikapasuliwa tumbo, ufunguo ulikaa wapi?"

Pasi ikasimama juu ya kola ya shati, kisha ikaendelea.

"Si ulinipa mimi."

"Nilikupa. Nauliza ulikaa wapi."

"Ulikaa shingoni kwangu, kama mbuzi aliyevishwa kengele. Kwani vipi?"

"Mkebe ulifunguliwa?"

Mkewe akaiweka pasi wima. Akamtazama mumewe, halafu akageuzia macho dirishani.

"Muulize mdogo wako."

"Nimwulize yeye kwa nini? Mkebe uko chini ya kitanda changu au chake?"

"Ndiyo maana nakwambia kamwulize. Mimi nikikujibu utasikia nusu, na nusu nyingine utaitunga mwenyewe."

Kufuli akarudi chumbani akaitia lenzi mfukoni. Alivaa viatu akatoka, na njiani alikuwa tayari ameshaitunga ile nusu, na nyingine juu yake. Mkewe. Ufunguo. Mdogo wake chumbani kwake, yeye akiwa hospitali na mshono tumboni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, na nguo zenyewe ndizo zile zinazopigwa pasi.

Mdogo wake waliyemwita Chereko, kwa vile huanza kucheka kabla hajamaliza kutania, alikuwa ameshafungua chumba cha picha. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mikeka. Upande mmoja palikuwa na meza ya kompyuta, upande wa pili kabati la kamera, na kati yake ubao wa kazi juu ya stendi ya miguu mitatu. Lenzi ya Chereko ilikuwa palepale inapokaa siku zote, kwenye kizingiti cha dirisha, haina kifuniko wala kitambaa, inaota jua kama paka. Uzembe huo ulikuwa ukimkera Kufuli miaka nenda miaka rudi. Leo haukumkera. Leo alijiuliza mtu asiyejali mali yake hivyo ana sababu gani ya kujali ya mwenzake.

"Shikamoo kaka! Umeamka na sura hiyo au umeiazima?" Chereko akasema, na kicheko kikatangulia.

"Marahaba. Lenzi yako ina vumbi."

"Kama ina vumbi, ni vumbi la halali."

Kufuli akaichukua kama mtu anayetaka kuipuliza. Akaielekeza dirishani kwa upande, akaikazia macho ukingoni. Kipo! Kimekaa mahali pake palepale, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Kiputo chake, alichoonyeshwa na baba yake akiwa amepakatwa, kimekaa ndani ya chuma cha mdogo wake. Akairudisha lenzi kizingitini, akajifanya anapangusa vumbi vidoleni. Alijisifu kwa hilo.

Mara mambo yote yaliyokuwa yakimtatiza yakajipanga foleni. Tangu atoke hospitali, Chereko alikuwa amebadilika. Zamani kila mmoja alikuwa na upande wake, Kufuli kushoto, mdogo wake kulia, kama alivyowapanga baba yao. Siku hizi kila wakifika kazini Chereko anatazama kwanza mwanga unatoka wapi, halafu anasema, "Kaka, leo niache huku kwenye kivuli." Na amenunua pama, likofia kubwa la ukingo mpana, hata ndani ya nyumba za watu halivui. Wakati wa kufyatua analivua na kulishikilia juu ya lenzi yake, eti anaikinga. Anaikinga na nini? Na macho ya kaka yake, bila shaka. Dalili ya mvua ni mawingu, na pama lile lilikuwa wingu zima. Na Kufuli kwa miezi yote hiyo alikuwa kama kipofu.

Alikumbuka hata lile la yule bwana harusi aliyelalamika, kabla ya hospitali, kwamba picha za kushoto zimefifia. Kufuli alimwambia akaoshe macho. Pengine mchezo ulianza tangu wakati huo.

Akaamua. Kesho yake walikuwa na kazi ya jumba la sinema la zamani, lile linalobomolewa. Wataifanya, kwa sababu ahadi ni ahadi. Baada ya hapo atachukua lenzi yake, atamwambia mdogo wake kwaheri, na kila mtu atajua la kufanya na jicho lake moja. Baba atamsamehe. Lakini hawezi kuondoka na kioo cha mwizi. Ataondoka na chake.

Chereko alipotoka kwenda kula mchana, Kufuli alisema hana njaa. Akasikiliza nyayo zikishuka ngazi. Akafunga mlango kwa ufunguo, akafunga dirisha, akavuta pazia, asije akaonekana na mtu wa jengo la pili. Chumba kikawa giza la kupapasa. Haikumsumbua, kazi hiyo vidole vyake viliijua tangu baba yao yu hai. Kwa kipande cha mpira unaibana pete ya mbele, unazungusha, pete inatoka, na kioo kinafuata kikiwa na fremu yake. Akavua kwake, akavua kwa mdogo wake, akavibadilisha. Pazia lilikuwa na upenyo mwembamba wa mwanga, akakipeleka kioo hapo kuhakikisha. Kiputo kilikuwepo. Mtu anayetafuta kiputo huona kiputo tu, na Kufuli akaridhika, akakaza kila kitu, akairudisha lenzi ya Chereko kizingitini ikiangalia upande uleule. Chereko aliporudi alimkuta kaka yake anapiga mluzi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba.

Usiku huo Kufuli alimgeuzia mkewe mgongo. Mkewe naye hakumbembeleza.

Jumba la sinema lilikuwa limeshang'olewa viti. Kilichobaki cha maana ni ngazi za ukumbi wa kuingilia, pana, za mbao nyeusi, zinapanda zikijipinda mara mbili kuelekea dirisha refu la vioo lililojaa jua. Mwenye jumba alikuwa bibi mwembamba mwenye fimbo, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya nguzo.

"Ngazi hizi alizijenga marehemu mume wangu," akawaambia. "Kila ubao aliupiga randa yeye. Kesho trekta linakuja. Nataka mniwekee ndani ya hicho kisanduku chenu, niwe nazipanda nikiwa nimekaa. Magoti yamekataa, lakini macho bado yapo."

"Utazipanda, bibi, mpaka utachoka," Chereko akamwambia.

Wakafunga kamera ubaoni, kila mtu akafunga lenzi yake. Chereko akatupa jicho dirishani, kisha kwenye nguzo iliyoangusha kivuli upande wa kushoto, akaanza kusogea.

"Kaka, leo niache hapa kwenye..."

"Leo hapana." Kufuli hakumwacha amalize. "Kila mtu upande wake, kama alivyotupanga mzee. Na ubao tunausogeza mbele, nguzo isije ikaingia kwenye picha."

"Mbele pale jua linatupiga usoni."

"Litupige. Na hilo pama livue, liweke ndani ya begi. Tumekuja kupiga picha, hatukuja kulima."

Chereko akalitazama jua. Akalivua pama polepole, akalitia begini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri sindano. Kufuli akauona uso huo, akaufurahia. Akasimama nyuma ya kamera ya kushoto, akapima kwa macho mpaka kwenye mpindo wa kwanza wa ngazi, akaita kama baba yao alivyowafundisha, mkubwa anaita, mdogo anaitikia, na pete zote mbili zinakwenda namba moja.

"Sita!"

"Sita!"

Akabonyeza kifyatulio cha waya chenye ncha mbili. Kamera zikalia mlio mmoja.

Kwenye skrini ya nyuma ya kamera ya kulia, ya Chereko, ngazi zilikuwa safi mpaka mishipa ya mbao inahesabika. Kwenye ya Kufuli palikuwa na maziwa. Utando mweupe ulikuwa umefunika nusu ya picha, dirisha limemwagika juu ya ngazi, na mbao zinaonekana kama zimezama. Akafyatua tena. Maziwa yaleyale.

Kufuli akapandwa na hasira. Yote aliyopanga kuyasema kwa heshima baada ya kazi yalimtoka hapohapo, mbele ya bibi wa watu.

"Umenifanyia nini wewe?"

"Mimi?"

"Wewe! Uliniibia kioo nikiwa nimelazwa, wewe na yule niliyemwachia ufunguo! Mliufungua mkebe wangu. Kiputo changu nimekikuta kwako. Jana nimekirudisha kwa mkono wangu huu, na leo picha inatoka hivi. Umekipaka nini? Sema, umekipaka nini!"

Sauti ikapanda ngazi ikarudi. Bibi akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Chereko, aliyecheka mpaka kwenye matanga, hakucheka. Alimtazama kaka yake kama anamtafuta mahali fulani usoni.

"Umekirudisha," akasema taratibu. "Jana. Mchana. Ndiyo maana ulikuwa unapiga mluzi."

Akaichomoa lenzi ya Kufuli kwenye kamera, akaiinua kuelekea dirisha refu.

"Njoo utazame. Usitafute kiputo. Tazama kioo."

Kufuli akatazama. Mwanga ulikuwa unakipiga kioo uso kwa uso, na juu yake, kutoka ukingoni hadi kupita katikati, kulikuwa na mistari myembamba iliyotawanyika kama mizizi ya nyasi. Alijaribu kuifuta kwa kidole gumba. Haikufutika. Ilikuwa imechimbwa ndani ya kioo.

"Hii ni nini?"

"Kuvu, kaka. Ulipolazwa, shemeji aliona mkebe unanuka, akaufungua autie hewa. Akakuta kioo chako kimeota kuvu, nyeupe, imejaa mpaka kati. Plastiki, sufu, ngozi, mvunguni, miaka yote ile gizani. Akaniita. Alikuwa analia, unajua? Alidhani ameiharibu yeye kwa kuigusa."

Kufuli akaichukua lenzi mkononi mwake.

"Nikaisafisha kwa dawa ya fundi saa. Kuvu ikatoka, makovu yakabaki. Ilishakula kioo. Nikakaa nikawaza, kaka akirudi na kidonda chake tumboni akute hivi, atasema nani kafanya?" Chereko akamgeukia. "Hebu niambie wewe. Ungesema nani?"

Kufuli alilijua jibu. Asingehitaji hata kufikiri. Angesema jina la mdogo wake kabla hajakaa kitandani.

"Kwa hiyo nikakupa changu," Chereko akasema. "Hicho chako nikatia kwangu. Makovu hayaonekani kwenye picha mpaka mwanga uyapige usoni. Nikitafuta kivuli, sawa. Nikikosa kivuli, nakikinga kwa kofia. Ndiyo kazi ya lile pama, kaka, hakuna kingine. Unadhani napenda kutembea na mwavuli kichwani?"

"Ungeniambia."

"Shemeji alitaka tukwambie. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilisema utamfukuza."

Kufuli alisimama ameishika ile lenzi. Namba ilikuwa yake, mkwaruzo wa sindano ulikuwa wake, kiputo kilikuwa chake, na makovu nayo yalikuwa yake. Miaka yote alikuwa akilinda namba na mkwaruzo, na hakuna siku aliyowahi kuketi akatazama kioo chenyewe. Baba yao alikuwa akiziacha zote mbili dirishani, juani. Yeye ndiye aliyeichimbia kaburi mvunguni. Aibu ikamfanya atamani sakafu ile ibomolewe leo badala ya kesho. Alikuwa amemwita ndugu yake mwizi. Alikuwa amemtaja mkewe, mbele ya mgeni, kwa kitu ambacho mkewe alikililia.

"Wanangu," bibi akasema kutoka kwenye kiti chake, "mimi nyumbani kwangu nimeyasikia makubwa kuliko hayo. Lakini jua linahama."

Ni kweli lilikuwa linahama. Kile kipande cha mpira cha kufungulia vioo kilikuwa kimebaki chumba cha picha, na trekta haliwezi kusubiri ndugu wapatane. Kufuli akaifunga lenzi yake kwenye kamera, kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kufanya na mikono yake. Akasema, bila kumtazama mtu, "Haitafaa. Picha ya kushoto itakuwa maziwa matupu."

Chereko akaliendea begi. Akalitoa pama, akalikung'uta kwenye paja, akazunguka kwa mbele ya ubao mpaka upande wa kaka yake. Akanyoosha mkono mrefu na kulishikilia lile pama juu ya lenzi ya kushoto, jua likaishia kwenye ukingo wa kofia, na kivuli kikakiangukia kioo.

"Ita namba, kaka."

Kufuli akarudi nyuma ya kamera. Akakohoa. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuwa na mkono wa kuyafuta, mmoja ulikuwa kwenye pete, wa pili kwenye waya.

"Mdogo wangu, nisamehe."

"Hiyo si namba."

"Sita," Kufuli akasema.

"Sita. Ya kwangu haijaguswa, iko palepale. Fyatua."

Akafyatua. Wakafanya hivyo mpaka jua likaliacha dirisha, Kufuli akiita na kuzungusha pete zote mbili, Chereko akiwa amesimama mkono juu, akibadilisha mkono unapokufa ganzi, na baada ya muda akaanza tena kutania, kwamba sasa amepanda cheo, amekuwa mti. Bibi alicheka. Kufuli alicheka pia, ingawa kicheko chake kilitoka kama kwikwi.

Walipofika chumba cha picha Chereko alichukua kile kipande cha mpira. "Lete nikurudishie kizuri."

"Hapana," Kufuli akasema. "Hiki ni changu."

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na alipofika yakamwishia yote, akabaki na moja. Akasema nisamehe, nilikuwaza vibaya. Mkewe aliendelea kukunja. Akamaliza lile shati, akaliweka juu ya mengine.

"Nilijua unaniwaza," akasema. "Mgongo wako una mdomo."

Hakusema amemsamehe, si siku hiyo. Kufuli akauvua ule uzi shingoni, akauweka na ufunguo wake juu ya nguo zilizokunjwa. Mkewe akauangalia, kisha akaupeleka jikoni. Siku zilizofuata mkebe ukaonekana kwenye rafu, wazi, umejaa vifungo na sindano.

Bibi alichukua picha zake, akachungulia kisanduku papo hapo, na akakaa nacho usoni muda mrefu kiasi kwamba walidhani amesinzia. Alikuwa anapanda.

Jozi moja hawakumpa kwa sababu ilikuwa imeharibika. Kwenye picha ya kushoto, Chereko alikuwa amechoka, mkono ukashuka, na ukingo wa pama pamoja na vidole vinne vikaingia juu ya picha. Ya kulia haina kitu. Chereko alitaka kuifuta kwenye kompyuta, kaka yake akamkataza, akaichapisha na kuitia ndani ya kisanduku kilichokuwa cha baba yao. Kinakaa kwenye kizingiti cha dirisha, katikati ya lenzi mbili zinazoota jua pamoja.

Kazi ikipungua, Kufuli hukichukua akachungulia. Ngazi zinapanda zikienda mbali, na mbele yake, karibu kuliko kitu chochote, mkono wa mdogo wake umeelea hewani umeshika kofia.

"Kaka, itupe hiyo," Chereko humwambia kutoka mezani. "Mkono wenyewe unaonekana kwa jicho moja tu."

Kufuli hufumba jicho la kushoto, mkono unapotea. Hulifumbua, unarudi.